Binti yangu ananiomba nibaki Marekani, na siku zangu zinaisha

BARUA YA MSOMAJI

Mshauri, salaam.

Nina umri wa miaka 58, nina mume na watoto wanne. Binti yangu wa pili ameolewa Marekani, yuko Ohio. Mwaka jana alipopata ujauzito alinitumia mwaliko, nikaomba viza ya matembezi nikapata. Nilifika tarehe 14 Oktoba. Nilikuja kumlea mzazi, basi, sikuja kwa lingine.

Mjukuu wangu aliwahi kuja. Tulikuwa tunamtegemea katikati ya Desemba, akazaliwa mwanzoni mwa Novemba kwa upasuaji, akakaa wiki tatu kwenye mashine. Namshukuru Mungu, sasa ana miezi minne kasoro siku chache na ameanza kucheka kwa sauti. Lakini kliniki ya kifua bado anaenda mara mbili kwa mwezi, na kidonda cha mama yake kilichukua muda kupona.

Likizo ya binti yangu iliisha mwishoni mwa Januari. Walimpa wiki kumi na mbili tu, tena bila mshahara. Mkwe wangu yuko zamu ya usiku kwenye ghala la kampuni kubwa, ana miaka mitatu pale. Yeye akiingia asubuhi, mkewe ndiyo anatoka. Kwa hiyo mtoto analala na mimi na kuamka na mimi. Sinung'uniki, naeleza tu hali ilivyo.

Viza yangu kwenye pasipoti imeandikwa inaisha Agosti mwakani. Mkwe wangu alikuwa akiniambia, "Mama, wewe huna haraka, una mpaka Agosti ya mwakani." Tiketi ya kurudi ilikuwa ya tarehe 10 Aprili, tukasema tutaisogeza. Wiki iliyopita kijana mmoja tunayesali naye aliniuliza narudi lini. Nilipomjibu akashtuka. Akachukua simu yake, akajaza namba ya pasipoti yangu kwenye tovuti ya serikali, ikatoka karatasi wanayoiita I-94. Imeandikwa mwisho wangu ni tarehe 13 Aprili. Binti yangu akaichapisha, akaibana kwa sumaku kwenye mlango wa friji. Kila nikienda kuchukua maziwa ya mtoto naiona hiyo tarehe. Leo ninapokuandikia zimebaki siku 48.

Sasa kila mtu ana lake. Binti yangu anataka niombe kuongezewa miezi sita, mtoto afikishe karibu mwaka ndipo wampeleke kwenye malezi ya mchana. Analisema hilo akilia. Mkwe wangu anasema twende Canada siku mbili turudi, nitapata miezi sita mipya mpakani. Mama mmoja rafiki yetu anasema nikae tu, hakuna anayekuja kugonga mlango, na ati sheria inakupa siku 180 za bure kabla hawajakuandika vibaya.

Nyumbani mume wangu ana kisukari, anaangaliwa na kitinda mimba wetu. Nikimpigia ananiambia, "Kaa tu na mtoto, mimi nipo." Kila siku maneno ni hayohayo. Juzi kitinda mimba aliniambia kwa siri kwamba baba siku hizi haendi kliniki mpaka asukumwe. Pia nina karakana ya ushonaji yenye mafundi watatu, mmoja ameshaondoka, na wateja wa sare za shule wa mwezi wa kwanza walienda kwingine. Dawa zangu za presha nilibeba za miezi sita. Bima ya safari nayo ni ya miezi sita.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Yule mama rafiki yetu aliuguliwa mwezi uliopita, akaniachia mtoto wake siku nne nimwangalie pamoja na mjukuu wangu. Aliporudi akanipa bahasha. Nilikataa, akaiacha mezani. Ndani mna dola 60. Sijaigusa, iko ndani ya Biblia yangu. Sasa anasema nikibaki atakuwa ananilipa kila wiki. Tangu niione ile karatasi ya friji, hiyo bahasha inaninyima usingizi.

Jana nilivuta sanduku langu kutoka chini ya kitanda, nikalifuta vumbi, nikaanza kupanga vitenge. Binti yangu akaingia, akaona, akatoka bila kusema neno. Nikavitoa vyote nikavirudisha kabatini.

Nifanye nini, mshauri? Niombe kuongezewa? Wakikataa itakuwaje? Na je, nikikosea sasa, nitakuja kumwona tena mjukuu wangu?

Bibi wa mtoto, Ohio


JIBU LA MSHAURI

Mama yangu, shikamoo. Na hongera kwa mjukuu. Mtoto aliyeanzia kwenye mashine na leo anacheka kwa sauti, mkono wako umo humo.

Nikikuelewa vizuri, umevutwa pande mbili. Upande mmoja kuna mtoto mchanga na binti anayelia, upande mwingine kuna mume ambaye kila siku anajibu maneno yaleyale. Katikati kuna tarehe kwenye friji, na washauri watatu ambao kila mmoja anakupa njia yake. Juu ya hayo kuna bahasha. Nitaanza na tarehe, maana hiyo haitusubiri.

Mkwe wako hakukudanganya. Alichanganya vitu viwili ambavyo hata wasafiri wazoefu huvichanganya. Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti ni ruhusa ya kufika mlangoni na kupiga hodi. Siku za kukaa ndani hupangwa na ofisa wa mpakani siku ile unapoingia, na huandikwa kwenye I-94. Mgeni wa matembezi kwa kawaida hupewa miezi sita, ndiyo maana wewe uliyeingia tarehe 14 Oktoba mwisho wako ni 13 Aprili. Kwa wanaofika kwa ndege, kumbukumbu hiyo iko kwenye kompyuta tangu mwaka 2013, hupewi kikaratasi mkononi, kwa hiyo asiyeambiwa aitafute anaweza kukaa miezi bila kujua kwamba ipo. Huyo kijana aliyeshtuka amekufanyia wema mkubwa. Lakini hiyo viza ya Agosti usiione haina maana, nitairudia.

Kuongezewa muda kunawezekana. Ombi linaitwa fomu I-539, na linakwenda kwa idara ya uhamiaji inayojulikana kama USCIS, kwa posta au kwa mtandao. Idara yenyewe inashauri lipelekwe angalau siku 45 kabla ya tarehe ya mwisho. Huo ni ushauri, si ukomo. Ukomo ni kwamba ombi liwe limepokelewa kabla siku zako hazijaisha. Hivyo hata kama barua hii unaisoma siku 45 zikiwa zimepita, hujachelewa, ila usiifanye kuwa kazi ya Aprili. Tangu Aprili 2024 ada imekuwa dola 470 kwa fomu ya karatasi na 420 kwa ya mtandaoni. Ada hubadilika, iangalieni upya kwenye tovuti ya serikali, ile inayoishia na .gov, siku mnapolipa. Na pasipoti yako lazima iwe hai kwa muda wote unaouomba.

Majibu huchukua miezi. Wapo waliojibiwa wakiwa wameshafika kwao. Ombi likiwa limepokelewa mapema na ni la kweli, unaruhusiwa kungoja jibu hata baada ya 13 Aprili, na siku hizo za kungoja hazihesabiwi kuwa umekaa bila kibali. Utunze risiti yake kama unavyotunza pasipoti. Wakikubali, aghalabu hawapiti miezi sita ya nyongeza. Wakikataa baada ya tarehe yako kupita, unatakiwa uondoke mara moja, maana siku mbaya zinaanza kuhesabiwa kesho yake. Kwa hiyo anayeomba hulala miezi hiyo yote nguo zikiwa nusu kabatini nusu sandukuni. Nakuuliza kwa heshima, mama, na presha yako, utaweza kuishi hivyo? Labda utaweza, wapo wanaoweza. Ila ni swali la kujiuliza kabla, si baada.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona ndilo kiini. Pamoja na fomu hiyo unaandika maelezo. Wanataka kujua mambo machache tu: kwa nini unahitaji kubaki, kwa nini kubaki huko ni kwa muda na si kuhamia, utaondoka lini na kwa namna gani, nani anakulisha na kukutibu, na huko kwako umeacha nini ambacho kinakungoja. Ofisa anauliza kwa sababu zake. Lakini hebu yatazame maswali hayo, hata mtu wa familia anayekupenda angekuuliza hayohayo. Kabla mtu yeyote hajaijaza fomu kwa Kiingereza chake, chukua karatasi uyajibu kwa Kiswahili, kwa mkono wako, ukiwa peke yako mtoto amelala. Usiandike kile ambacho serikali ingependa kusikia. Andika ilivyo.

Ukifika kwenye swali la kwanza utaona ugumu ulipo. Kwa nini unahitaji kubaki? Jibu moja ni afya: mtoto alizaliwa kabla ya wakati, yuko kliniki ya kifua, mama yake alifanyiwa upasuaji. Hilo lina barua ya daktari na lina mwisho. Jibu la pili ni hilo alilolitoa binti yako, kwamba mtoto afike karibu mwaka ndipo apelekwe malezi ya mchana. Hilo nalo ni la kweli, lakini mbele ya ofisa lina sura nyingine. Viza ya matembezi hairuhusu kazi. Bibi kumpakata mjukuu si kazi, hakuna atakayekulaumu kwa hilo. Ila mgeni ambaye sababu yake kubwa ya kubaki ni kushika nafasi ya mlezi wa kulipwa, ofisa anaweza kuona ameacha kuwa mgeni. Sikuambii upambe maneno wala ufiche. Nakuambia ujue mapema kwamba hizo ni sababu mbili, na zina uzito tofauti. Kama kliniki ya kifua inaisha Juni, je, ni miezi sita unayoihitaji, au ni miwili?

Na hapo ndipo inapoingia ile bahasha. Mama, nimeona jinsi ulivyoiandika, karibu mwishoni, baada ya dawa na bima. Ulimsaidia mtu aliyeuguliwa na hukuomba malipo. Nafsi yako isikusulubu. Lakini fomu I-539 inauliza waziwazi kama umewahi kufanya kazi Marekani tangu ulipoingia, na chini yake unatia sahihi kwamba uliyoyasema ni kweli, kwa adhabu ya sheria. Siku nne na dola 60 ambazo hukuzitaka, je, ni kazi au ni shukrani ya jirani? Mimi si mwanasheria, na hili sitalikisia kwa ajili yako. Mpelekee mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni umweleze kama ulivyonieleza mimi, kabla hujatia sahihi popote. Kama wakili ni ghali, yapo mashirika ya kusaidia wahamiaji ambayo wafanyakazi wake wameidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani kutoa ushauri huu, na mengi hutoza kidogo au hayatozi kabisa. Jihadhari na wale wanaojiita wataalamu wa fomu mitaani, wasio na leseni. Watakujazia "hapana" bila kukuuliza, na sahihi itakuwa yako.

Hayo ya kulipwa kila wiki, nadhani tayari unajua moyoni. Si kwamba mama yule ni mbaya, naye ana shida ya mtoto kama binti yako. Lakini akikuweka kwenye malipo ya kila wiki, lile swali la fomu halitakuwa na utata tena.

Nije kwa washauri wako wengine. Hizo siku 180 za bure, mama, hazipo. Kilichopo ni hiki: tangu sheria ya mwaka 1996, mtu akikaa bila kibali zaidi ya siku 180 kisha akaondoka, anafungiwa asiingie Marekani miaka mitatu. Akifikisha mwaka mmoja na kuendelea, anafungiwa miaka kumi. Watu wamesikia hizo 180 wakadhani chini yake ni salama. Ukipitiliza hata siku moja bila ombi lililopokelewa, viza yako hiyo ya Agosti inakufa palepale kwa sheria, na ukitaka kurudi unaanza upya kuomba nchini kwako, ukiwa na swali la kujibu. Ni kweli hakuna atakayegonga mlango, rafiki yenu hakukosea hapo. Ila mlango utaugonga wewe siku nyingine, na kompyuta itakuwa inakumbuka. Umeniuliza kama utamwona tena mjukuu wako. Katika yote uliyoandika, njia ya kukaa kimya ndiyo inayoligusa swali hilo moja kwa moja.

Kwenda Canada na kurudi nako hakufanyi kama watu wanavyosimulia. Kwanza angalia kama pasipoti yako inahitaji viza ya Canada. Pili, safari fupi ya nchi hizo jirani, isiyozidi siku 30, kwa kawaida unarudi na I-94 yako ileile, tarehe ileile ya friji. Ofisa anaweza kukupa siku mpya, anaweza pia kukuuliza kwa nini umetoka siku mbili na kurudi na begi la mkononi. Na kama mmeshapeleka ombi la I-539 ukatoka nchini, ombi hilo linaweza kuhesabiwa kuwa umeliacha. Mkwe wako anatafuta njia kwa sababu anakupenda, na pengine kwa sababu ana usingizi. Hilo la usingizi nalisema kwa huruma, baba wa mtoto mchanga anayefanya kazi usiku ni mtu aliyechoka.

Tena, tukiwa kwa mkwe, niulize jambo ambalo sikuliona kwenye barua yako. Binti yako alipewa wiki kumi na mbili bila mshahara. Hiyo inafanana na sheria ya likizo ya familia ya mwaka 1993. Sheria hiyo si ya akina mama peke yao. Baba naye ana wiki zake kumi na mbili za kukaa na mtoto, ndani ya mwaka wa kwanza tangu azaliwe, kama ameajiriwa kwa mwaka au zaidi, ametimiza saa 1,250 za kazi katika miezi kumi na miwili iliyopita, na kampuni ina wafanyakazi 50 au zaidi ndani ya maili 75 kutoka anapofanyia kazi. Umesema ni ghala la kampuni kubwa na ana miaka mitatu. Je, amezitumia? Najua hazina mshahara, na nyumba yenye mishahara miwili ikibaki na mmoja hali inabana. Huenda walishapiga hesabu wakaona haiwezekani. Lakini huenda pia hakuna aliyeuliza, kwa sababu bibi yupo. Ukiwapo wewe, nyumba nzima imejipanga kukuzunguka, na pengo halionekani ni la nani. Hapo hakuna aliyekosa, mama, nyumba nyingi ndivyo zinavyojipanga akiwapo mtu asiyechoka kusaidia.

Sasa ile viza ya Agosti. Ukiondoka kabla ya 13 Aprili, inabaki hai. Kama imeandikwa ni ya kuingia mara nyingi, na angalia vizuri kwenye kibandiko chake, unaweza kuja tena kabla ya Agosti ya mwakani bila kuomba viza mpya. Sheria haitaji idadi maalumu ya miezi ya kukaa nje, lakini anayetoka Aprili na kurudi Juni atatazamwa kwa jicho tofauti na anayerudi baada ya kukaa kwake kwa muda wa kutosha, akiwa na karakana yake inayofanya kazi na mume aliyemuaga. Ofisa wa mpakani ndiye mwenye neno. Hatari ya njia hii ni hiyo, kwamba hakuna mwenye kukuhakikishia utaingia, na miezi ile ambayo binti yako anakuhitaji zaidi itakuwa imepita. Nafuu yake ni kwamba huendi kama mtu aliyefungiwa.

Ukibaki, kuna mambo mawili usiyaache yajitatue. Dawa za presha ziishe na huna daktari, na bima iishe. Bima nyingi za wasafiri hazilipii ugonjwa uliokuja nao, kwa hiyo soma masharti kabla ya kuongeza muda wake. Kulazwa hospitali usiku mmoja huko kunaweza kuwaachia watoto wako deni la miaka. Gharama hiyo ihesabiwe pamoja na ile ya malezi ya mchana mnayoikwepa, ziwekwe mezani zote mbili.

Na nyumbani. "Kaa tu na mtoto, mimi nipo." Huyo ni mume wako, sauti yake unaijua wewe, mimi sijaisikia. Kuna wanaume wanaosema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Kuna wanaosema hivyo kwa sababu hawataki kuwa mzigo. Badala ya kumuuliza kama yu mzima, jaribu kumuuliza sukari ilisoma ngapi asubuhi hii, na kliniki ijayo ni tarehe gani. Swali la namba halijibiwi kwa "mimi nipo". Na umwambie kuhusu tarehe ya 13 Aprili, kama bado hujamwambia. Sikuona kwenye barua yako kama anaijua.

Nimebakiwa na sanduku. Ulivipanga vitenge, binti akaona, ukavitoa. Hakuna aliyesema neno. Sitakufasiria maana yake. Huenda mikono yako ilikuwa inatafuta la kufanya tu, huenda ilikuwa inasema jambo. Lakini ninyi wawili mliokaa pamoja usiku wa hospitali mkisikiliza mashine ya mtoto, mnaweza kulizungumza sanduku. Binti yako analia akikuomba ubaki. Je, umewahi kumuuliza analilia nini hasa? Yawezekana ni malezi ya mchana. Yawezekana ni hofu ya kubaki peke yake na mtoto ambaye kifua chake kiliwahi kumtisha. Hiyo ya pili, hata miezi sita ya serikali haiitibu yote, lakini wauguzi wa kliniki ile ile ya kifua wanaweza kumfundisha dalili za kuangalia, na akapata namba ya kupiga usiku. Na wewe ukiwa nyumbani una simu.

Mwambie pia kuhusu bahasha. Imekunyima usingizi kwa sababu umeibeba peke yako, na mtakapokwenda kwa mwanasheria atakaa karibu nawe, asiisikie hapo kwa mara ya kwanza.

Chagueni siku mkwe wako asipokuwa na zamu, mkae wote watatu. Ulete ile karatasi uliyoiandika kwa Kiswahili, uwasomee kwa sauti, kisha uwaachie nao waseme. Ile tarehe ya kwenye friji msiitoe. Chini yake uandike kwa kalamu tarehe mbili nyingine: siku ya kumwona mwanasheria, iwe ndani ya wiki hii, na siku ya kliniki ya mume wako, ili asubuhi hiyo umpigie kabla hajatoka nyumbani.

Ukipata nafasi niandikie tena.

Mshauri wako